Mama ametoka kidonda mgongoni akiwa wodini: ni kawaida, au ni uzembe?

*"Shikamoo Sista. Mama yangu ana miaka 68, ana presha na sukari. Wiki mbili zilizopita tulimkuta asubuhi yuko sakafuni chumbani kwake, upande wa kulia umepooza na hasemi. Siku hiyo tulizunguka naye sana, tukaanzia zahanati, tukaenda kituo cha afya, mpaka jioni ndipo tukafika hospitali ya mkoa. Siku ya tatu wodini dada yangu akimwogesha aliona weusi juu kidogo ya makalio, tukadhani ni rangi tu. Siku ya tisa ngozi ikafunguka. Sasa ni kidonda cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, katikati kuna kitu cha njano na kinatoa harufu kidogo. Nesi alisema vidonda hivi ni vya kawaida kwa wagonjwa wa kulala. Kaka yangu amekasirika, anasema mama ametelekezwa na anataka kulifikisha mbele. Je, kweli ni vya kawaida kiasi hicho? Na tumeambiwa keshokutwa ataruhusiwa, tutamhudumiaje nyumbani? Tumeshauriwa kuweka asali au sukari kwenye kidonda, kumsugua kwa spiriti, na glovu zilizojazwa maji chini ya visigino."*

Marahaba mwanangu, na poleni nyote. Nasikia mambo mawili katika barua yako: unataka kujua kama hospitali imewatupa, na unaogopa mzigo unaokuja keshokutwa. Nitayajibu yote, ila nianze na swali lako la wingi, kwa sababu hasira ya kaka yako imeegemea hapo.

Ndiyo, vidonda vya mgandamizo, yaani vile vinavyompata mtu anayelala muda mrefu bila kujigeuza, ni vingi mahospitalini, hapa kwetu na kwa wenzetu wenye vifaa vyote. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi za watu wazima waliolazwa katika nchi mbalimbali. Ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 100 walioko wodini, karibu 13 wana kidonda cha aina hii, na kwamba 8 hivi kati ya 100 hukipata wakiwa tayari wamelazwa. Miaka ya mwanzo ya 2000, wauguzi waliwakagua wagonjwa karibu 6,000 katika hospitali za Ubelgiji, Italia, Ureno, Uswidi na Uingereza, wakakuta 18 kati ya kila 100 wanavyo. Katika hospitali ya rufaa ya Felege Hiwot, Bahir Dar, Ethiopia, utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta karibu 17 kati ya 100. Namba hizi za Ulaya na Ethiopia zimekaribiana kuliko watu wengi wangetarajia.

Kadiri mgonjwa asivyoweza kujigeuza, ndivyo namba inavyopanda. Tarehe 15 Mei 2018 vyumba vya wagonjwa mahututi zaidi ya 1,100 katika nchi 90 vilihesabu wagonjwa wao kwa siku moja hiyohiyo, wagonjwa zaidi ya 13,000. Zaidi ya robo yao walikuwa na vidonda. Na hapa nyumbani, kumbukumbu za hospitali ya KCMC, Moshi, za walioumia uti wa mgongo kati ya 2010 na 2014 zinaonyesha karibu mmoja kati ya watano alipata kidonda cha mgandamizo. Kilikuwa ndicho tatizo lililoandikwa zaidi miongoni mwa yale yanayofuata baada ya ajali yenyewe.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana linamhusu mama yako moja kwa moja. Katika uchambuzi ule wa 2020, zaidi ya vidonda vinne kati ya kumi vilikuwa vya daraja la kwanza. Hapo ngozi bado haijapasuka. Vitabu vya uuguzi tulivyosomea vinasema daraja la kwanza ni wekundu usiofifia ukibonyeza kwa kidole. Wekundu huo unaonekana vizuri kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu mara nyingi hauonekani kabisa. Unachokiona ni weusi uliozidi ule wa pembeni, wakati mwingine wenye zambarau ndani yake, na watu husema kama dada yako alivyosema, ni rangi tu. Ndiyo maana wodi yenye namba ndogo ya vidonda kwenye daftari hainipi furaha haraka. Nauliza kwanza waliokagua walikagua kwa macho peke yake, au kwa mkono pia.

Mkono huona zaidi. Weka mgongo wa kiganja chako pale penye weusi, kisha usogeze kwenye ngozi ya jirani. Panaweza kuwa na joto zaidi, au ubaridi. Bonyeza taratibu: panaweza kuwa pagumu kuliko pembeni, au palainike na kubonyea kama pana maji chini yake. Mgonjwa anayeweza kusema atakwambia panauma. Asiyeweza kusema atakunja uso. Mkiona hivyo kabla ngozi haijafunguka, bado mnayo nafasi ya kukizuia.

Kidonda hiki kinatokeaje? Watu wengi wanadhani kinaanza juu ya ngozi, kwa jasho au mikunjo ya shuka, kisha kinachimba kwenda ndani. Kidonda cha juujuu huweza kuanza hivyo, hasa ngozi ikiwa imelowa mkojo. Lakini vile vya kina mara nyingi huanzia ndani kabisa, pale nyama inapokutana na mfupa. Mgonjwa akilala chali bila kugeuka, uzito wake unakaa kwenye mifupa michache iliyojitokeza: kisogo, mabega, kifandugu na mfupa ulio juu yake, visigino. Nyama iliyo katikati ya mfupa na godoro inabanwa, inavutika, na mishipa midogo ya damu inafungwa. Wewe na mimi tukikaa hivyo tunasikia ganzi au maumivu, tunajigeuza hata usingizini bila kujua. Aliyepooza hapati taarifa hiyo, au anaipata na hana nguvu ya kuitii. Nyama huchoka mapema kuliko ngozi, kwa hiyo ya ndani inakufa wakati ngozi ya juu bado nzima. Ni kama embe lililoanza kuoza kwenye kokwa: ukilishika kwa nje huoni kitu, na likija kubadilika rangi, ndani limeshakwisha zamani.

Kuna nguvu nyingine ambayo ndugu hawaifikirii, nayo ni kuburuzika. Mgonjwa akiinuliwa kichwa cha kitanda juu sana, mwili unateleza kidogo kidogo kuelekea miguuni huku ngozi ya mgongo imegandia shuka. Mfupa unashuka, ngozi inabaki, na mishipa iliyo kati yao inanyongwa. Ndicho hicho hutokea mnapomvuta kwa makwapa kumrudisha juu. Ongeza mkojo unaolainisha ngozi, sukari inayodhoofisha mishipa midogo ya damu, na siku kadhaa bila kula vizuri, na utaona kwa nini mama yako alikuwa kwenye hatari kubwa tangu saa ya kwanza.

Nasema saa ya kwanza nikimaanisha sakafuni. Jeraha la ndani huchukua muda kujionyesha juu, mara nyingi siku mbili hadi tatu. Weusi aliouona dada yako siku ya tatu unaweza kabisa kuwa ulianza usiku ule alipoanguka na kulala sakafuni hajiwezi, ukaendelea kwenye kiti cha gari, benchi la kituo cha afya na machela ya mapokezi. Hakuna anayeweza kukuhakikishia hivyo sasa, hata mimi. Lakini muda unalingana. Na kilichofunguka siku ya tisa kinaweza kuwa ni nyama iliyokufa kabla hata hajapewa kitanda.

Je, hilo linaisafisha wodi? Hapana, si lote. Ubishi huu ni wa zamani kuliko hospitali zetu. Katikati ya karne ya 19 Florence Nightingale, muuguzi maarufu Mwingereza, alisema wazi kwamba mgonjwa akitoka kidonda cha kulala, kwa kawaida kosa ni la uuguzi na si la ugonjwa. Mfaransa Jean-Martin Charcot, daktari mkubwa wa mishipa ya fahamu, alishikilia kinyume chake: ubongo au uti wa mgongo ukiumia, kidonda kitatoka tu, ufanye usifanye. Charcot alikosea, na fikra yake iliwafanya watu wakate tamaa bure. Nightingale alikuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa naye hakumaliza habari yote. Leo wataalamu wengi tunakubali kwamba vingi vinazuilika na vichache havizuiliki hata ufanye kila kitu, hasa kwa mgonjwa ambaye mwili wote unazima. Huko Marekani, tangu Oktoba 2008 bima ya serikali ya wazee haiilipi hospitali gharama ya ziada ya kidonda cha kina ambacho mgonjwa alikipata akiwa amelazwa. Walichukulia kwamba hospitali ilipaswa kukizuia.

Kwa hiyo kaka yako ana haki ya kuuliza. Ningemshauri aulize mambo yanayojibika. Siku mama anapokelewa, ngozi yake ilikaguliwa mwili mzima na ikaandikwa kwenye faili? Alipimwa hatari ya kutoka vidonda? Kuna karatasi ya kugeuzwa yenye saa na upande aliolazwa? Weusi wa siku ya tatu uliambiwa nani, na huyo alifanya nini? Akutane kwanza na muuguzi mfawidhi wa wodi, kisha mganga mfawidhi wa hospitali kama hakuridhika. Majibu ya maswali hayo manne yatamwambia kama palikuwa na uzembe, na yatamsaidia mgonjwa anayefuata kwenye kitanda kile. Nawaomba pia mkumbuke wodi zetu zilivyo. Usiku muuguzi mmoja au wawili wanaweza kubaki na wagonjwa thelathini au zaidi, na kumgeuza mtu aliyepooza kunahitaji watu wawili. Kazi hiyo inaachiwa ndugu kimyakimya, na ndugu hawafundishwi. Kosa kubwa ninaloliona mara kwa mara ni hilo la kutofundisha. Nesi aliyewaambia ni vya kawaida angechukua dakika tano akawaonyesha namna ya kumlaza.

Basi nikuonyeshe, kadiri maandishi yanavyoweza. Msimlaze tena chali juu ya kidonda. Mlalisheni ubavu, lakini si ubavu kamili, maana ngozi ya juu ya mfupa wa nyonga nayo itatoboka. Mgeuzeni nusu, mto mmoja nyuma ya mgongo, ili uzito uangukie kwenye nyama ya tako la upande mmoja. Nyoosha mkono wako, uuingize chini ya kiuno chake: kama kifandugu hakigusi godoro, mmepatia. Wekeni mto mwingine kati ya magoti. Mto wa tatu ukae chini ya vigimbi vya miguu, kwa urefu, ili visigino vining'inie hewani bila kugusa kitu. Upande wa kulia uliopooza asilale muda mrefu kama wa kushoto, kwa sababu hauwezi kulalamika, na bega lake msilivute kamwe. Kumsogeza juu, tumieni shuka iliyokunjwa mara mbili chini yake, mmoja huku na mmoja kule, mnamnyanyua bila kumburuza.

Kila baada ya muda gani? Mtaambiwa saa mbili, na kwa mwenye kidonda tayari ningeanza na hapo mchana. Lakini sitaki familia ianguke kwa uchovu wiki ya kwanza. Utafiti mmoja wa nyumba za kutunzia wazee Marekani na Kanada, uliochapishwa 2013, ulilinganisha kugeuzwa kila saa mbili, tatu na nne kwa wazee waliolala kwenye magodoro mazuri ya sponji nzito, na haukukuta tofauti kubwa. Neno zito hapo ni godoro. Godoro lililobonyea katikati mpaka unagusa mbao halina msaada, mgeuze usigeuze. Kama mna fedha ya kitu kimoja tu, nunueni godoro jipya la sponji nzito. Godoro la hewa linaloendeshwa na umeme ni zuri zaidi kwake mkilipata, ila halifuti kazi ya kugeuza. Usiku mkiwa na godoro zuri mnaweza kwenda saa tatu hadi nne, mkikagua ngozi kila mnapomgeuza. Akikaa kitini, kukaa nako ni mgandamizo, tena mkali: kwa sasa muda mfupi tu wa chakula, kisha arudi ubavuni. Wakati wa kumlisha lazima ainuliwe vizuri asije akapaliwa. Akimaliza na kupumzika nusu saa hivi, mshusheni.

Sasa ushauri mliopewa. Spiriti na kusugua, hapana. Zamani hata sisi wauguzi tulifundishwa kusugua migongo kwa spiriti na poda. Spiriti inakausha ngozi, na kusugua juu ya nyama iliyoumia kunaimalizia. Glovu za maji chini ya visigino, hapana, hata kama mmeziona wodini. Zinabaki zikibonyeza sehemu ileile ndogo. Vilevile msimkalishe kwenye mpira wa duara wenye tundu katikati, kwani ukingo wake unabana damu kuzunguka kidonda. Msifungue vidonge vya antibiotiki na kunyunyiza unga wake ndani ya kidonda, wala msikimwagie haidrojeni peroksaidi kila siku, maana inaua nyama mpya inayochipua. Asali na sukari siwezi kuzilaani. Zote zinavuta maji na kuwabana bakteria, na hospitali kadhaa zimezitumia. Ila asali ya hospitali imesafishwa maalumu, ile ya chupa ya sokoni haijasafishwa, na ushahidi kwa vidonda vya mgandamizo bado ni mwembamba. Halafu hakuna asali itakayoponya kidonda ambacho mgonjwa anaendelea kukilalia. Hapo ndipo familia nyingi zinapopoteza miezi.

Kusafisha kwenyewe ni rahisi kuliko mnavyoogopa. Maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichosawazishwa. Naweni mikono, vaeni glovu, mwagieni kidonda bila kukwangua, kausheni pembeni tu, kisha gozi safi yenye unyevu ndani na kavu juu. Kidonda chenye unyevu wa kiasi hupona vizuri kuliko kilichoachwa kikauke. Kile kitu cha njano ni nyama iliyokufa. Msikivute kwa mkono. Kinazuia pia mtu kujua kina cha kidonda, na ndiyo maana sikwambii ni daraja la ngapi.

Hapa ndipo nataka msimamishe mambo kidogo. Kidonda chenye nyama iliyokufa na harufu, kwa mgonjwa wa sukari, kinatakiwa kiangaliwe na daktari kabla ya kuruhusiwa, sio baada. Ombeni kwa adabu na kwa uthabiti: daktari akikague, nyama iliyokufa iondolewe kama inafaa, sukari ipimwe na ipangiwe dawa, na muuguzi awaonyeshe kusafisha huku ninyi mkifanya kwa mikono yenu mbele yake. Ulizeni pia nani atakiangalia kila wiki, zahanati ya karibu au kliniki ya vidonda. Kumbakiza wodini kuna faida ya daktari kuwa karibu, lakini kama nyumbani kuna watu watatu wa kupokezana na godoro zuri, mara nyingi atageuzwa zaidi nyumbani kuliko wodini. Upasuaji wa kuziba kidonda kwa nyama ya jirani upo, ila kwa mama wa umri wake aliyetoka kupata kiharusi si wa kukimbilia.

Chakula kina sehemu yake. Mwili unaojenga nyama unahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama wa kilo 60 ni gramu 75 hadi 90. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maziwa kama 8, kwa hiyo uji mtupu hautoshi. Uji upikwe na maziwa, dagaa wasagwe laini, maharage yapondwe. Kama figo zake zina shida, muulizeni daktari kwanza. Na kama anapaliwa anapokula, msimlazimishe: apimwe anavyomeza, huenda akahitaji mpira wa kulishia kwa muda. Pampasi ibadilishwe mara ikilowa, na ngozi ipakwe mafuta mazito ya kuzuia maji kila baada ya kusafishwa.

Mkiwa nyumbani, homa, baridi la kutetemeka, kuchanganyikiwa kupya, usaha, harufu inayozidi, uvimbe au joto linaloenea pembeni, damu isiyokoma, au mfupa kuonekana: hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Maambukizi ya kidonda hiki yakiingia kwenye damu huua haraka, na yakiingia kwenye mfupa hudumu miezi.

Pasipo hayo, jiandaeni kwa muda mrefu. Kidonda cha juujuu hufunga kwa wiki chache. Cha kina huchukua miezi, na kwa mgonjwa dhaifu sana wakati mwingine lengo linakuwa kisikue, kisinuke na kisimuume, na hilo nalo ni matibabu ya kweli. Pimeni urefu na upana kwa rula kila Jumapili, muandike kwenye daftari moja na saa za kumgeuza. Ndani ya wiki mbili mnapaswa kuona dalili: njano ikipungua, wekundu mbichi wa nyama mpya, kingo zikisogea. Wiki mbili zikipita bila badiliko lolote, chukueni daftari hilo mrudi kwa daktari, na mwambieni aangalie kwanza ukurasa wa saa za kugeuza kabla hajaandika dawa.